Nusu ya Njia ni Makambako

Tulipomzika shangazi yangu Subilaga pale Igawa, mjukuu wake mmoja alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti yake ikawafikia hata wanawake waliokaa mbali kwenye mikeka. Alisema bibi yake alikuwa mchapakazi na mtu wa kanisa, na kwamba enzi za ujana wake alikuwa na hoteli kando ya barabara kuu, hoteli iliyojulikana na wasafiri wote wa Mbeya na Iringa. Halafu akaongeza, "Lakini wote tunajua bibi alivyokuwa na hasira. Hasira hizo ndizo zilizomfungia hoteli." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani ambacho hakimvunjii mtu heshima. Mimi sikucheka. Nilikaa pale, mwalimu mstaafu, miguu imevimba kwa safari, nikahisi damu inanipanda kichwani kana kwamba mambo yale yametokea jana. Yule kijana hana kosa, alisimuliwa hivyo. Lakini hoteli ya shangazi haikufungwa na hasira. Ilifungwa na watu waliokula kwenye meza yake, kwa sababu ya nusu nauli ya wanafunzi, na mimi nilikuwapo.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya wasichana Iringa, na likizo nilikuwa nazimalizia kwa shangazi. Lami ya barabara kuu ilikuwa bado ngeni kwetu, watoto wa Igawa walikuwa wanakwenda kuigusa kwa viganja jioni ili wapate joto lake. Reli ilikuwa bado inajengwa, malori ya mradi yakipita mchana kutwa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya hoteli. Kilitengwa na ukumbi wa kulia kwa ukuta wa mbao tu, mbao za masanduku ya vipuri ambazo shangazi alizinunua kwa mafundi wa barabara, na hazikukutana vizuri. Nililala kwenye kitanda cha kamba katikati ya magunia ya mchele wa Ubaruku na debe la mafuta ya taa, na kila kilichosemwa upande wa pili nilikisikia kama nimekaa nao mezani. Karibu kabisa na ukuta wangu ilikuwa meza ya dirishani, yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na meza hiyo haikuwa ya abiria. Ilikuwa ya madereva na makondakta. Hao walikula bure: wali, nyama ya mchuzi, na paja la kuku siku kuku akichinjwa. Ndivyo biashara ile ilivyo mpaka leo. Dereva anasimamisha basi pale anapolishwa, na abiria wanakula pale dereva aliposimama. Shangazi alilijua hilo, na paja lile alikuwa analipakua mwenyewe kwa mkono wake.

Kuhusu nusu nauli, niseme kwanza kwamba ilikuwa sheria nzuri. Serikali ilisema mwanafunzi alipe nusu ya nauli ya mtu mzima, na bila sheria ile wengi wetu tusingeiona Iringa. Lakini hakuna aliyesema ile nusu ya pili italipwa na nani, basi wenye mabasi wakaamua tutailipa sisi wenyewe kwa miguu yetu. Mwanafunzi alipanda mwisho, baada ya mizigo. Akipata kiti, alikaa mpaka atokee mwenye nauli nzima, hapo kondakta alimgonga begani kwa ukingo wa sarafu, akasema, "Nusu, simama." Hilo ndilo lilikuwa jina letu. Hakusema mwanafunzi, wala binti, wala mdogo wangu. Alisema nusu. Nimefundisha miaka mingi, na hata sasa nikipita stendi nikamsikia kondakta anapiga kelele kwamba wanafunzi ni wawili tu, wengine washuke, huwa nasimama. Watu wananiona bibi mzee aliyesahau anakokwenda. Sijasahau kitu.

Rafiki yangu alikuwa Felista, msichana wa Chunya. Baba yake alilima tumbaku, na yeye alikuwa wa kwanza katika hesabu darasani kwetu, kwa umbali ambao hakuna aliyejaribu kumfikia. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na kila muhula alifika shuleni soksi zake nyeupe zikiwa zimegeuka rangi ya udongo, kwa sababu kutoka Chunya mpaka Mbeya alipanda lori juu ya marobota ya tumbaku. Vumbi lile lilimwingia masikioni, akalitoa kwa ncha ya kanga huku akicheka. Usiku bwenini wasichana walimwomba awafundishe hesabu, naye alikuwa na namna yake: hakukupa jibu, alikuuliza swali jingine dogo zaidi, halafu dogo zaidi, mpaka ukajikuta umefika. Nimefundisha maisha yangu yote kwa namna aliyokuwa nayo Felista akiwa msichana wa sketi ya shule, na yeye hakulipwa hata shilingi kwa kazi hiyo.

Ilikuwa mwezi wa saba, likizo inakaribia kwisha. Mavuno ya mpunga yalikuwa yamejaa Ubaruku, na watu wa mchele walikuwa wanashinda kando ya barabara wakitafuta usafiri wa Iringa. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza chumbani, nikasikia kondakta wa basi la bluu, Jofrey, anaongea na dereva wake huku wanakula. Jofrey alikuwa kijana mtanashati, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, nywele zimechanwa. Alisema, "Jumapili wanafunzi watajaa Mbeya. Tajiri mwenye gari anasema tuwapakie, maana pale stendi askari wanaangalia. Tukifika hapa tunawashusha. Watu wa mchele watakuwa wanangoja, nauli nzima, na magunia yao yanalipiwa." Dereva, mtu mzima mwenye sauti nzito, alitafuna kwanza. Kisha akasema, "Wakileta fujo?" Jofrey akajibu, "Watoto wa shule wataleta fujo gani? Watalia kidogo, watanyamaza." Nikasikia kijiko kikikwangua sahani. Dereva akaomba aongezewe mchuzi, na shangazi akamwongezea.

Walipoondoka nilimwendea shangazi jikoni. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwambia yote. Hakuinua macho. "Sekela," aliniambia, "watu wa safari wanaongea mengi wakishiba. Ukiyabeba yote utachoka."

"Shangazi, Felista atakuwa ndani ya basi hilo. Na mimi nitalipandia hapa."

"Basi mtakuja kupanda lingine. Hawa ndio wanaotuletea watu. Unga, sukari, ada yako, vyote vinapita kwenye meza ile." Akapuliza makapi. "Usinigombanishe nao."

Nilimkasirikia. Nililala bila kula, na yeye hakunibembeleza. Sikuelewa wakati ule kwamba alikuwa ameniamini tangu neno la kwanza, na ndiyo maana hakutaka kuniangalia usoni.

Jumapili basi la bluu lilifika saa za chakula cha mchana. Upepo wa Usangu ulikuwa unavuma, mavumbi yameingia hata kwenye sufuria. Mimi nilikuwa nje na sanduku langu, nimevaa sare. Felista alinipungia mkono kutoka nyuma ya basi. Alikuwa amesimama tangu Mbeya, kisha mtu mmoja akashuka Chimala naye akapata kiti. Abiria wakaingia kula. Wanafunzi wengi hawakuwa na fedha za kula hotelini, walikwenda kunywa maji kwenye mtungi uani. Walipokuwa huko, utingo alipanda juu ya basi akaanza kushusha masanduku yao. Hakuyashusha, kusema kweli, aliyaachia. Moja lilipasuka, madaftari na sabuni na nguo za ndani za msichana vikatawanyika barabarani mbele ya wanaume wa mchele. Hapo hapo magunia yakaanza kupanda. Jofrey akatangaza kwamba basi limezidiwa uzito, wanafunzi wangoje basi la nyuma. Hapakuwa na basi la nyuma, na kila aliyekuwa pale alijua. Wasichana walianza kulia. Wavulana wawili wakubwa waliokuwa wanakwenda shule nyingine walijaribu kubishana, wakasukumwa.

Felista hakutoka kwenye kiti. Nilipanda nikakaa pembeni yake. Jofrey alikuja, akamwambia ashuke, naye akajibu kwa upole kabisa, "Kaka, nimelipa mpaka Iringa."

"Umelipa nusu," Jofrey alisema. "Na nusu ya safari imeisha. Tumemalizana."

Kuna watu walicheka. Felista hakucheka. Aliangalia nje ya dirisha kama mtu anayepiga hesabu, na kweli alikuwa anapiga. "Igawa siyo nusu," alisema. "Nusu ya njia ni Makambako. Hata hiyo nusu mnayosema mnaniibia."

Nadhani ni hesabu ile ndiyo iliyomkasirisha Jofrey kuliko ubishi wenyewe. Alimshika mkono akamvuta, akamwangusha kwenye ngazi, goti likachubuka mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Nilimng'ang'ania Jofrey shati, kifungo kikabaki mkononi mwangu, na utingo akanibeba mzima mzima akaniweka chini kando ya masanduku. Abiria wenye nauli nzima walikuwa dirishani mwa hoteli wanatazama. Alikuwapo mwalimu kati yao, namkumbuka kwa kalamu zake mfukoni. Alikuwapo mama mmoja aliyekuwa amebeba Biblia. Hakuna aliyesema neno. Nimewasamehe wengi katika maisha haya, lakini wale waliokuwa dirishani bado sijawaweza.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli na upawa mkononi. Aliliona goti la Felista. Aligeuka, akaingia ndani, nikadhani amechagua. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, ambako dereva alikuwa ameshaanza kula na sahani ya Jofrey imefunikwa inamngoja. Akaiondoa sahani ya dereva mbele yake, mkono wake bado una tonge. Akaiondoa na ya Jofrey. Akatoka nazo nje, akaziweka juu ya sanduku langu mbele ya wasichana, akasema, "Naweni mikono, mle."

Dereva alimfuata akiwa anajifuta midomo. Alisema taratibu, kama mtu anayemwonea huruma, "Mama, unajua unachokifanya?"

"Najua. Rudisha watoto ndani ya gari, nikurudishie chakula."

"Mimi nimetumwa na tajiri."

"Tajiri aje kula mwenyewe basi. Wewe hapa kwangu huli tena, na huyo wako hali tena, mpaka watoto hawa wafike shule."

Jofrey alitema mate karibu na mlango. Abiria wakaitwa kwa honi, wengine wakaacha wali nusu sahani, na basi likaondoka limeinama upande mmoja kwa uzito wa mchele. Tulibaki na vumbi. Shangazi alichemsha maji ya chumvi akamwosha Felista goti, akamwambia, "Pole mwanangu. Pole hii yangu imechelewa." Kisha akatuingiza ndani na zile sahani. Wote tulikula. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula kwenye meza ya dirishani.

Kesho yake tulisimama barabarani asubuhi mpaka jua likazama. Mabasi yalipita. Yalipoona sare zetu yaliongeza mwendo, na tulipoanza kuwatambua makondakta waliokuwa wanatuonyesha vidole mlangoni, tulijua dereva wa basi la bluu ameshapeleka habari. Jumanne lori la mradi wa reli lilikubali kutubeba hadi Makambako, likiwa linarudi tupu. Shangazi alifunga hoteli siku ile ya kazi, akajitanda shuka la baridi, akapanda nasi. "Nakwenda kusema na mwalimu wenu," alisema. "Mtu mzima akisema, ataelewa." Makambako tukapata lori jingine la mbao. Tulifika Iringa tumeganda, midomo imepasuka, na kengele ya jioni ilikuwa inalia.

Mkuu wa shule yetu alikuwa mwanamke wa kanuni. Alikuwa ametangaza kabla ya likizo kwamba atakayechelewa atarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Alitupokea barazani, hakutukaribisha ofisini. Shangazi alimweleza yote bila kupandisha sauti, akamwonyesha goti. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kila muhula ni basi. Nikikubali ya basi, nitakubali na ya mvua." Akamwuliza shangazi yeye ni nani kwangu. Shangazi akasema ni mlezi. "Vizuri. Wewe ni mlezi wa huyu, basi huyu aingie. Hawa wengine wakalete wazazi wao."

"Mwalimu, huyu anatoka Chunya," shangazi alisema. "Amesafiri siku ngapi, umrudishe tena kwa mabasi yaleyale?"

"Mama, sheria ni moja kwa wote."

Shangazi akasema, "Haikuwa moja kule barabarani," akachukua sanduku la Felista kichwani. Mimi nikaingia bwenini. Wao wakageuka, shangazi mbele, Felista nyuma yake akichechemea, wale wengine wakifuata, wakateremka kwenda stendi. Nilisimama getini mpaka mlinzi akaniambia niingie. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na jioni ile niliacha kuamini kwamba mtu mzima akieleza vizuri anasikilizwa. Wenzangu wanapenda kusema shule ilituumba. Mimi nilijifunza kilichonifaa pale barazani, na sikishukuru.

Felista alirudi na baba yake wiki kadhaa baadaye. Baba alikuwa anangoja soko la tumbaku, asingeweza kuiacha ghalani. Niliwaona kupitia dirisha la darasa wakati wa somo la jiografia. Alikuwa mzee mwembamba, koti la mvua wakati mvua haipo, kofia ameishika kwa mikono miwili. Walisimama pale barazani. Hawakukaa sana. Nilimwomba mwalimu ruhusa, akaninyima, nikatoka bila ruhusa, na nilipofika uwanjani walikuwa wameshapita geti. Baadaye mpishi aliniambia alichosikia: nafasi ilikuwa imepewa msichana mwingine. Kitanda cha Felista kilikuwa tayari kina mtu, binti wa watu tu, hana kosa lolote, ambaye sikumsemesha hadi mwaka ukaisha.

Na hoteli? Mabasi hayakusimama tena. La bluu lilihamia kwa mzee mmoja mwenye banda upande wa pili wa barabara, na mengine yakafuata, maana madereva wana umoja wao. Shangazi aliendelea kupika wiki za kwanza. Alipika wali wa kutosha basi zima, akaumwaga kwa nguruwe wa jirani. Kisha akapika sufuria ndogo, ya waendesha baiskeli na wafugaji waliokuwa wanateremka na ng'ombe kutoka kaskazini. Nilipokuja likizo ya Desemba nilimkuta anang'oa misumari kwenye ile meza ya dirishani. Mbao aliziuza. Akaenda Ubaruku kulima vibarua katika mashamba ya mpunga, na baadaye akapata jaruba lake, akaishi. Sikumsikia akijuta, lakini pia sikumsikia akicheka kama zamani. Nilipomwuliza kama ana uchungu, aliniambia, "Uchungu ni kwamba niliwaongezea mchuzi." Hayo ndiyo waliyoyaita hasira zake.

Nilikuja kumwona Felista tena nikiwa tayari mwalimu. Nilipelekwa Chunya kikazi, nikauliza sokoni, nikaonyeshwa duka dogo linalouza sukari na betri kwa wachimbaji wa dhahabu. Alikuwa nyuma ya mizani, mtoto mgongoni, amenenepa, soksi hana. Tulishikana mikono muda mrefu. Alinipikia ugali na mlenda, tukala ndani kwa sababu vumbi lilikuwa limechafuka nje. Mimi ndiye niliyeleta habari za zamani. Niliongea kwa ghadhabu, nikamtaja Jofrey, nikamtaja mkuu wa shule, nikawataja wale wa dirishani. Yeye alisikiliza, akampa mtoto ziwa.

"Mimi nakumbuka tuliporudi," alisema. "Siku ile walipotukatalia na baba. Tulipanda basi pale Iringa. Nikatoa kitambulisho nilipe nusu kama kawaida. Baba akanirudisha mkono. Akamwambia kondakta, 'Mtoze nzima huyu. Si mwanafunzi tena.'"

Alimhamisha mtoto upande wa pili, akamfuta mdomo kwa kanga.

"Basi," akasema, "wakanipa kiti cha dirishani. Nilikaa mpaka Mbeya, Sekela. Watu walipanda, watu walishuka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nisimame."